Hesabu ya Miezi na Mjane wa Konstebo

 Ninayetaka hasa anisikilize jioni hii ni askari aliyevaa sare anayejiandaa kuingia zamu ya usiku, yeye pamoja na mwenzake aliyebaki nyumbani na watoto.

Mazishi ya askari aliyeuawa kazini mmeyaona. Jeneza linafunikwa bendera, wenzake wanalibeba kwa mwendo wa pole, tarumbeta inalia, risasi za heshima zinapigwa hewani hadi watoto wanaziba masikio. Mkubwa mmoja anasoma rambirambi kutoka makao makuu. Kisha lori la polisi linageuza linarudi lilikotoka, na matanga yanaanza kupungukiwa na watu.

Wiki ya tatu baada ya mazishi ya namna hiyo kijijini kwetu, binti mmoja alikuja nyumbani kwangu na bahasha ya kaki. Mtoto alikuwa mgongoni, amelala. Mumewe, konstebo, alikuwa na miaka miwili tu tangu atoke chuo cha polisi cha Kiganjo. Binti aliniamkia, akaketi ukingoni mwa kiti, akasema, "Mjomba, nimeambiwa nipeleke karatasi, lakini sijui ni karatasi zipi wala nizipeleke kwa nani." Ndani ya bahasha mlikuwa na kibali cha mazishi, picha ya harusi, kitambulisho cha mumewe na hati moja ya mshahara. Hapakuwa na kingine.

Tulianza safari. Ofisi ya kwanza ilitutuma ya pili, ya pili ikatutuma kwa chifu, na chifu akataka barua kutoka ofisi ile ya kwanza. Nimeishi na karatasi maisha yangu yote, lakini safari zile zilinionyesha kwamba sikuwa najua chochote kuhusu pesa ya marehemu. Nilichojifunza ndicho ninachokuletea leo, na kipo kimoja kilichonikaa moyoni kuliko vingine vyote: sheria ya pensheni huhesabu miezi ya kazi, na konstebo anayekufa mara nyingi ndiye mwenye miezi michache.

Tuiangalie hesabu yenyewe. Sheria ya Pensheni ya Kenya, ile Sura ya 189, inachukua mshahara wa mwisho wa mwaka mzima, inauzidisha kwa idadi ya miezi ambayo mtu ametumikia, kisha inagawa kwa 480. Aliyetumikia miaka 20 ana miezi 240, kwa hiyo pensheni yake ni nusu ya mshahara. Aliyefika miaka 30 ana miezi 360, hiyo ni robo tatu. Na ili mtu aingie katika hesabu hiyo ya kawaida, sharti afikishe miaka 10 kazini. Kwa karani anayezeeka na faili zake, au mwalimu anayestaafu akiwa amesomesha vizazi vitatu, sina ugomvi na hesabu hii. Kila mwaka wa jasho una malipo yake.

Lakini nani hutumwa mbele? Novemba 2012, katika Bonde la Suguta karibu na Baragoi, polisi waliokwenda kufuata mifugo iliyoibwa walivamiwa, na zaidi ya 40 wakauawa. Wengi wao walikuwa vijana waliotoka chuoni muda mfupi tu uliopita. Ndivyo ilivyo hata leo kwenye barabara za Mandera, Garissa na Lamu ambako mabomu hutegwa ardhini. Nyuma ya gari la doria huketi makonstebo. Ukigawa miezi ya kijana kama huyo, mwenye miaka miwili tu kazini, kwa 480, hata kama sheria ingekubali kumhesabia, unapata 24 juu ya 480, yaani sehemu moja ya ishirini. Huwezi kulea mtoto kwa sehemu moja ya ishirini ya mshahara wa konstebo.

Utaniambia mambo yamebadilika, na ni kweli. Tangu tarehe 1 Januari 2021 tuna Mpango wa Malipo ya Uzeeni wa Utumishi wa Umma, uliotungiwa sheria mwaka 2012 ukangoja miaka mingi kabla ya kuanza. Polisi wamo, walimu wamo, watumishi wa wizara wamo. Aliyekuwa chini ya miaka 45 siku ile aliingizwa moja kwa moja, na aliyezidi umri huo aliachiwa achague. Mtumishi anakatwa, serikali inaongeza. Makato yalianza na asilimia 2 mwaka wa kwanza, yakawa 5 mwaka wa pili, na sasa ni 7.5. Serikali nayo inaweka asilimia 15. Kila mtu ana akaunti yake, na akifariki, kilichomo na faida yake huwaendea aliowaandika.

Ni hatua nzuri, kwa sababu sasa pesa ipo kwa jina la mtu. Ila nayo inajaa polepole, mwezi kwa mwezi. Chukua mshahara wa shilingi 40,000. Nauchagua kwa kuwa hesabu yake ni nyepesi. Asilimia 22.5 ya hapo ni 9,000 kwa mwezi. Konstebo wetu akifa baada ya miezi 24, akaunti yake ina 216,000 kabla ya faida. Hiyo ni chini ya mishahara sita. Mjane akishalipa deni la jeneza na hema, akahama nyumba ya serikali akapanga chumba mjini, akanunua godoro na jiko, hapo pesa imekwisha na mtoto hajaanza kutembea.

Basi kinachoweza kuiokoa familia ya askari kijana ni malipo yale yasiyouliza amefanya kazi muda gani. Nayo yapo, msikilizaji, na ndiyo watu wengi hawayajui. Naomba unisikilize kwa makini hapa, na kama una kalamu karibu, ichukue.

Kuna bima ya maisha. Sheria ya mpango huu mpya inaitaka serikali imkatie kila mwanachama bima isiyopungua mara tano ya mshahara wake wa mwaka unaohesabiwa pensheni. Kwa mfano wetu wa shilingi 40,000, mwaka ni 480,000, na mara tano ni 2,400,000. Haijalishi kama alifanya kazi miezi miwili au miaka thelathini.

Kuna fidia ya ajali kazini. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya mwaka 2007 inamhusu kila mwajiriwa, wa serikali pia, isipokuwa wanajeshi. Polisi yumo. Askari wa magereza yumo. Zimamoto yumo. Akifa kwa ajali au shambulio lililotokana na kazi, wanaomtegemea hulipwa mapato ya miezi 96. Kwa mfano wetu, hiyo ni shilingi 3,840,000. Tena sheria haisemi miezi 96 kwa mkongwe na 10 kwa kijana. Wote ni sawa. Lakini ina mlango unaofungwa: dai sharti liwasilishwe ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Nitalirudia kabla hatujaagana.

Na kuna pensheni ya aliyeuawa akitekeleza kazi, iliyo ndani ya ile Sheria ya Pensheni ya zamani. Hii inataka ithibitishwe kwamba majeraha yalitokana na kazi yenyewe na kwamba halikuwa kosa lake. Ndiyo maana ripoti inayoandikwa kituoni usiku ule wa tukio ina uzito kuliko hotuba zote za mazishini. Ikiandikwa ovyo, ikisema tu kwamba afisa alifariki katika ajali ya gari, bila kueleza alikuwa ametumwa wapi, na nani, kufanya nini, mjane atakuja kuulizwa maswali ambayo hawezi kuyajibu. Wewe mkuu wa kituo unayenisikiliza, sentensi zako tatu katika kitabu cha matukio ni chakula cha watoto wa mwenzako. Ziandike kikamilifu.

Sasa linganisha. Upande mmoja 216,000 ya akiba. Upande wa pili, bima na fidia, zaidi ya milioni 6. Hapo utaona kwa nini nasema kwamba kwa askari kijana bima ndiyo pensheni. Na hapo utaona uchungu wangu ninaposikia bima ya polisi imechelewa kulipwa, au familia imesubiri hadi mtoto ameanza shule. Malalamiko haya yamefika hata bungeni, si mara moja. Bima ni mkataba wenye tarehe ya kuanza na tarehe ya kwisha, na ada yake hulipwa kwa bajeti. Konstebo hawezi kujua kama ada ya mwaka huu imelipwa wakati anapanda lori kwenda Baringo. Anapanda tu. Nidhamu ya kazi yake haimruhusu kuuliza, na kwa sababu hiyo hasa aliyemtuma ana wajibu wa kuhakikisha kwamba hakuna siku hata moja inayopita bila bima. Kuchelewesha ada ya bima ya polisi ni kosa kubwa kuliko kuchelewesha tenda ya barabara, na wabunge wanaopitisha bajeti walitazame kwa jicho hilo.

Wenzetu wa Marekani walilifikiria jambo hili zamani. Mwaka 1976 bunge lao lilitunga sheria ya malipo kwa familia za polisi na zimamoto wanaokufa kazini. Kiasi kilianza na dola 50,000, kikaja kufikishwa dola 250,000 mwaka 2001, na hupandishwa kufuata kupanda kwa gharama za maisha. Kilichonivutia ni kwamba kiasi ni kimoja kwa wote: aliyeanza kazi jana na aliyekaribia kustaafu. Na zimamoto wa kujitolea, asiyelipwa mshahara, familia yake hupata sawasawa na ya mwenye mshahara. Kwao pia familia hungoja, wala siwasifu kupita kiasi, lakini wazo lile ni la haki. Hatari ya siku moja ina bei yake, na bei hiyo haipimwi kwa miaka ya nyuma.

Turudi kwa yule binti na bahasha yake ya kaki. Pesa nimezitaja kama kwamba zimewekwa mezani. Haziko mezani. Kila moja ina mlango wake, na kila mlango una mlinzi anayetaka karatasi.

Askari aliyeajiriwa kabla ya 2021 na kuingizwa katika mpango mpya, miaka yake imegawanyika. Ya kabla ya tarehe 1 Januari 2021 huhesabiwa na Idara ya Pensheni ya Hazina ya Taifa kwa sheria ya zamani, na ya baada ya hapo imo katika akaunti ya mpango mpya. Mjane mmoja, marehemu mmoja, faili mbili. Bima ni faili ya tatu. Fidia ni ya nne. Chama cha akiba na mikopo, ile Sacco ya askari, ni ya tano, na huko huenda kuna deni pia. Binti wa miaka 24 aliyezoea kuletewa pesa kwa simu kila mwisho wa mwezi sasa anatakiwa awe mwanasheria.

Na milango yenyewe haifunguki kwa ufunguo mmoja. Kiinua mgongo cha kifo kwa sheria ya zamani hulipwa kwa msimamizi wa mali ya marehemu. Maana yake mahakama. Unaanza na cheti cha kifo na barua ya chifu inayotaja walioachwa na marehemu. Unapeleka ombi mahakamani. Tangazo linachapishwa katika Gazeti Rasmi la Serikali na watu wanapewa siku 30 za kupinga. Hati ikitoka, kwa kawaida hupita miezi sita kabla ya kuthibitishwa, ndipo mali igawanywe. Na hiyo ni pale ambapo hakuna aliyepinga. Akitokea mmoja tu akapinga, hesabu kwa miaka.

Na wapingaji hutokea. Hutokea mke wa pili ambaye hakuna aliyejua habari zake, amevaa nguo nyeusi amesimama nyuma ya hema, ana mtoto mwenye sura ya marehemu kabisa. Askari huhamishwa, leo yuko Wajir, mwaka kesho Homa Bay, na maisha hayamngoji arudi nyumbani. Sisemi haya kumhukumu mtu. Sheria yetu ya Mirathi, Sura ya 160, haimfukuzi mke wa pili wa ndoa ya kimila, na kama nyumba ni zaidi ya moja, inagawa kwa kufuata idadi ya watoto wa kila nyumba na kumhesabu mke pamoja nao. Mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa naye ni mtoto. Wanaoteseka ni wale ambao baba hakuwaandika popote, wakabaki kuthibitisha kwa machozi jambo ambalo yeye angelithibitisha kwa kalamu.

Kwa ndugu zetu Waislamu, mirathi huenda kwa Kadhi na hufuata mafungu ya dini. Mjane mwenye watoto fungu lake ni thumuni, asiye na watoto ni robo, na wazazi wa marehemu wana haki yao isiyopingika. Wajane wengi wa pwani wanaijua thumuni tangu utotoni. Lakini hapa ipo tofauti ambayo ni muhimu kuijua. Sheria ya malipo ya uzeeni imeweka wazi kwamba pesa iliyo katika mpango wa pensheni si sehemu ya mirathi. Haiendi mahakamani. Wadhamini wa mpango huilipa kwa kufuata kanuni za mpango na ile fomu ambayo mwanachama aliandika majina ya walengwa wake.

Fomu hiyo, msikilizaji, ni karatasi moja. Kijana huijaza siku za kwanza za kazi, akiwa na miaka 20, kichwa kimenyolewa, amechoka kwa gwaride. Anamwandika nani? Anamwandika mama yake. Ni sawa kabisa, mama ndiye aliyeuza mbuzi ili yeye afike kwenye usaili. Miaka mitano inapita. Ameoa, ana watoto wawili, lakini fomu bado inasema mama. Akifa, mjane na mkwewe wanaingia katika ugomvi ambao hakuna kati yao aliyeutaka. Nimewaona wanawake wawili waliokuwa wakisuka nywele pamoja wakaacha kusalimiana kwa sababu ya mstari mmoja ambao mtu wanayempenda wote wawili alisahau kuubadilisha.

Mjane naye akishafaulu kuipita milango hiyo, kwa wale walio chini ya sheria ya zamani kuna ukuta mwingine mbele. Pensheni ya wategemezi hulipwa kwa miaka 5 tangu kifo. Miaka mitano! Mtoto aliyekuwa mgongoni siku ile bahasha ilipokuja kwangu alikuwa na miezi minane. Pensheni ya miaka 5 inamfikisha mlangoni pa shule ya msingi, kisha inamwacha hapo hapo na begi lake jipya. Shule ya msingi yote iko mbele yake, na sekondari, na chuo. Nimejaribu kufikiri ni kipimo gani kilichotumika kupata hiyo miaka mitano, nami naona hakikuwa umri wa mtoto. Kama sheria ingemtazama mtoto, ingesema pensheni ilipwe hadi mdogo wao afikishe miaka 18, au amalize masomo. Bunge linaweza kulibadilisha hilo kwa kifungu kimoja, na ninaliomba lifanye hivyo, kwa sababu wapo maafisa wengi waliokuwa na zaidi ya miaka 45 mwaka 2021 ambao familia zao bado ziko chini ya sheria hiyo.

Kuna mfuko mwingine wa zamani, wa pensheni ya wajane na watoto, ambao maafisa wanaume walikatwa asilimia 2 ya mshahara kwa ajili yake. Angalia hati za mshahara za zamani za mumeo. Kama makato hayo yamo, ulizia haki yako katika mfuko huo, na hasa uulize pale ile miaka mitano inapokaribia kwisha. Usidhani mtu atakupigia simu. Jina lenyewe la mfuko linamtaja mjane wa kike na watoto, kwa kuwa enzi hizo askari alichukuliwa kuwa mwanamume. Leo tuna maelfu ya maafisa wa kike, nao wameacha waume na watoto vilevile.

Wapo pia wanaokufa bila mwili kupatikana. Askari anatekwa mpakani, siku zinapita, wiki, miaka. Bila mwili hakuna kibali cha mazishi, na cheti cha kifo hakipatikani hivi hivi. Sheria ya Ushahidi humchukulia mtu kuwa amekufa iwapo hajasikika kwa miaka 7 na wale ambao wangepaswa kumsikia. Kwa mke wa askari, hiyo ni miaka saba ya kuwa si mke wala mjane. Mwajiri aliyemtuma mahali pale, na anayejua kilichotokea, hapaswi kuingoja miaka hiyo ndipo aifikirie familia. Tangu Juni 2024 polisi wetu wamevuka bahari hadi Haiti, na Februari 2025 mmoja wao aliuawa huko kwa risasi. Kadiri tunavyowatuma mbali zaidi, ndivyo utaratibu huu unavyotakiwa kuwa tayari kabla ndege haijaruka.

Halafu kuna polisi wa akiba. Ukienda Turkana, Samburu, Marsabit au Baringo utawakuta, wanaume wa kijiji waliopewa bunduki ya serikali walinde watu na mifugo pale ambapo kituo cha polisi kiko mwendo wa siku nzima. Kwa miaka mingi wamefanya kazi hiyo bila mshahara. Asiye na mshahara hana kitu cha kuzidisha kwa miezi na kugawa kwa 480. Anakufa kando ya kisima, mkewe anapewa pole na gunia la unga. Risasi iliyompata ni ile ile inayompata konstebo. Kama kweli tunaamini kwamba amekufa kwa ajili yetu, basi jina lake liingizwe katika bima moja na ya polisi, kwa kiasi kimoja, na liingizwe siku anapokabidhiwa bunduki.

Ninachoomba kwa wakuu wa polisi si kitu kigeni. Siku askari anapokufa, makao makuu yana faili yake yote: tarehe ya kuajiriwa, mshahara, nambari ya kazi, jina la mke aliloandikisha, watoto aliowasajili kwa matibabu. Kwa nini mjane ndiye anayetumwa kukusanya upya habari ambazo mwajiri anazo kabatini? Pawe na afisa mmoja, mwenye jina na nambari ya simu, anayekabidhiwa familia hiyo kabla ya mazishi. Yeye ndiye aende Idara ya Pensheni. Yeye ndiye ajaze dai la fidia. Yeye ndiye ampigie mjane kusema, mama, leo tumefika hapa, kesho nahitaji sahihi yako. Kazi yake isihesabiwe kwisha hadi faili ya mwisho ilipwe. Kama gari na dereva vilipatikana vya kuleta jeneza hadi uani, mtu mmoja wa kufuatilia karatasi hawezi kukosekana.

Wewe afisa unayefunga buti sasa hivi, nakuomba mambo machache. Ulizia fomu yako ya walengwa juma hili, uione kwa macho yako, na kama inataja watu wa maisha yako ya zamani, iandike upya. Sajili ndoa yako, hata ile ya kimila. Sheria ya ndoa ya 2014 inakuruhusu. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wako viwe na jina lako. Na bahasha yenye nakala za karatasi hizi mwonyeshe mwenzako inakaa wapi. Najua wengi mnaogopa, mnasema kuzungumzia kifo ni kukiita. Kila asubuhi mnatia saini kuchukua silaha, na hakuna anayesema kufanya hivyo ni kuita vita.

Yule binti alilipwa sehemu, sehemu nyingine bado. Fidia ya ajali aliikosa, kwa sababu hakuna aliyetuambia habari za miezi 12, nami mjomba wake niliyejiona msomi sikuijua. Tulifika mwezi wa kumi na tano. Nilipomweleza hakulia. Aliuliza tu kama ile bahasha bado inahitajika au aitumie kuwekea vyeti vya kliniki vya mtoto.

Kwa hiyo narudia nilichoahidi. Fidia ya kifo kazini hudaiwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya kifo. Kama mume wako, mke wako au mwanao alifariki akiwa kazini, chukua kalenda sasa hivi, hesabu tangu siku ile, na ikiwa miezi 12 haijatimia, kesho asubuhi nenda ofisi ya kazi ya kaunti yako na cheti cha kifo mkononi. Ikiwa huwezi kwenda, mtume mtu unayemwamini. Usingoje kuitwa.